Mchawi Huzaliwa au Hufanywa? Chimbuko la Uovu Katika Riwaya ya Wicked

Utangulizi

Watahiniwa wengi wakiulizwa kueleza sifa za mhusika mwovu hujibu kwa orodha. Ni katili, ni mbinafsi, ni mnafiki, ni mlaghai. Kila sifa hufuatwa na mfano kutoka kitabuni, na mfano ukiwa sahihi alama hutolewa. Jibu la namna hii halina kosa, ila huacha swali moja kubwa bila kuguswa: mhusika huyu aliufikiaje uovu wake? Je, alizaliwa nao, alifundishwa, alisukumwa, au aliuchagua mwenyewe?

Makala haya yananuia kulijadili swali hilo kwa kuihakiki riwaya ya fantasia iitwayo Wicked, yaani 'mwovu', ya mwandishi Mmarekani Gregory Maguire. Ilichapishwa mwaka wa 1995. Haimo katika orodha ya vitabu teule, na haielekei kuwamo, kwani ni riwaya ya watu wazima iliyo na matukio ya ngono na ukatili. Hata hivyo, mwalimu wa fasihi atafaidika nayo kwa sababu mwandishi amemchukua mhusika bapa kabisa, mchawi wa hadithi ya watoto, akamfanya mhusika mviringo. Atakayefuatilia jinsi kazi hiyo ilivyofanywa atarudi kwenye vitabu teule akiwa na jicho jipya.

Hoja yetu kuu ni hii: kueleza chimbuko la uovu si kuutakasa uovu. Riwaya hii inasifiwa na wengi kwa kumtetea mchawi. Sisi tunashikilia kwamba haimtetei, na kwamba ubora wake umo humo.

Mwingiliano matini: kutoka 1900 hadi 1995

Mchawi wa Magharibi alianza katika kitabu cha L. Frank Baum, The Wonderful Wizard of Oz, kilichotoka Marekani mwaka wa 1900. Humo Dorothy, msichana kutoka jimbo la Kansas, anapeperushwa na kimbunga pamoja na nyumba yao hadi nchi ya Oz. Nyumba inamwangukia Mchawi wa Mashariki na kumuua. Baadaye Dorothy anatumwa na mtawala wa Oz akamuue Mchawi wa Magharibi ndipo asaidiwe kurudi kwao. Mchawi huyo ana jicho moja, anawafanya watu wa magharibi watumwa, na anavitamani viatu vya Dorothy. Hana jina, hana wazazi, wala hana utoto. Kwa jumla anafanana na zimwi la ngano zetu: lipo ili lishindwe.

Mwaka wa 1939 kitabu hicho kilitengenezewa filamu, na ni filamu hiyo iliyompa mchawi ngozi ya kijani. Baum hakusema kwamba alikuwa wa kijani. Maguire anaikopa rangi hiyo ya filamu na kuijengea riwaya nzima: itakuwaje mtoto akizaliwa akiwa na rangi ya kijani katika jamii ambayo haijawahi kumwona mtu wa namna hiyo? Hata jina analompa, Elphaba, amelifinyanga kutokana na herufi za mwanzo za jina la Baum mwenyewe.

Huu ni mwingiliano matini wa aina maalum. Mwandishi wa pili haendelezi hadithi ya wa kwanza tu, bali anarudi nyuma ya hadithi hiyo na kuuliza kilichotokea kabla haijaanza. Maguire amewahi kueleza kwamba swali la uovu lilimjia alipokuwa akiishi London mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa Vita vya Ghuba, alipoona jinsi magazeti yalivyomlinganisha kiongozi wa Iraq na Hitler na jinsi neno moja kama hilo lilivyoweza kuugeuza moyo wa msomaji. Basi ingawa mandhari ni ya kubuni, chanzo chake kimo katika historia ya kweli.

Muhtasari wa riwaya

Riwaya ina sehemu tano. Elphaba anazaliwa kwa mhubiri aitwaye Frex na mkewe Melena. Rangi yake inawatia wazazi aibu, na maji yanamuumiza mwili. Mdogo wake, Nessarose, anazaliwa bila mikono, na huyo ndiye kipenzi cha baba. Elphaba anapofika chuoni Shiz anawekwa chumba kimoja na Galinda, msichana mrembo wa tabaka la juu. Wanaanza kwa kudharauliana na kuishia kuwa marafiki.

Chuoni humo yupo mwalimu Mbuzi, Daktari Dillamond. Katika nchi ya Oz wapo wanyama wa kawaida, na wapo Wanyama wanaozungumza, kusoma na kuabudu. Mtawala wa Oz, aliyefika kutoka dunia nyingine kwa puto na kutwaa mamlaka, anawapokonya Wanyama haki zao hatua kwa hatua. Daktari Dillamond anafanya utafiti wa kuonyesha kwamba Mnyama na binadamu hawana tofauti ya kimsingi. Anauawa. Elphaba anaacha masomo na kujiunga na kundi la siri linalopinga utawala. Anapendana na Fiyero, mwana wa mfalme wa magharibi ambaye tayari ana mke na watoto, na Fiyero anauawa na askari wa siri wa mtawala kwa sababu yake. Baada ya miaka kadhaa katika nyumba ya watawa, Elphaba anasafiri hadi ngome ya Kiamo Ko kumwomba msamaha Sarima, mjane wa Fiyero. Ni katika ngome hiyo ndipo Dorothy anapomkuta.

Mtazamo wa usimulizi

Jambo la kwanza la kumfaa mhakiki ni nani anayetazama. Riwaya inasimuliwa katika nafsi ya tatu, lakini msimulizi hakai katika fikra za Elphaba tangu mwanzo. Sehemu ya kwanza tunaona kwa macho ya wazazi na yaya. Ya pili kwa macho ya Galinda na wanafunzi wenzake. Ya tatu kwa macho ya Fiyero. Tunakaribia kufika katikati ya kitabu kabla hatujaingia kwa kweli ndani ya moyo wa mhusika mkuu.

Mbinu hii ina kazi. Utangulizi wa riwaya unatuonyesha mchawi akiwa amejificha mtini, akiwasikiliza Dorothy na wenzake wakimsengenya njiani. Kila mmoja ana uvumi wake kuhusu kuzaliwa kwake, mapenzi yake na ngozi yake. Baada ya hapo, sisi wasomaji tunafanywa kuwa kama wasengenyaji hao: tunamjua Elphaba kwa maneno ya watu wengine. Tunapofika kumjua kwa maneno yake, Fiyero amekwisha kufa na mambo mengi hayarekebishiki tena. Maudhui ya kuhukumiwa kabla ya kusikizwa hayasemwi kwa hotuba, bali yamo katika muundo wa usimulizi wenyewe. Mtahiniwa anayetaka kuonyesha uhusiano wa fani na maudhui hatapata mfano bora kuliko huu.

Majina na lakabu

Babake anamwita Fabala. Chuoni anaitwa Elphie. Mpenzi wake anamwita Fae. Watoto wa ngomeni wanamwita kwa lakabu ya Shangazi Mchawi, kwa mzaha mwanzoni. Kisha hutokea jambo ambalo msomaji mwepesi hataliona: msimulizi mwenyewe anaanza kumwita Mchawi, na katika sehemu ya mwisho jina hilo limekwisha kumganda. Hakuna sherehe wala mapatano na shetani. Amekuwa mchawi kwa kuitwa mchawi, na kwa kuchoka kukataa.

Jina lake rasmi nalo lina kinaya. Aliitwa kwa heshima ya mtakatifu mmoja wa Oz ambaye hadithi yake inahusu maporomoko ya maji, ilhali yeye maji ndiyo adui wa mwili wake.

Hapa lugha yetu inatufungulia mlango ambao Kiingereza hakina. Katika Kiingereza mtawala wa Oz ana neno lake la heshima na mwanamke wa magharibi ana neno lake la chuki. Kiswahili hutumia neno moja, mchawi, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Ukiisimulia riwaya hii darasani kwa Kiswahili utalazimika kusema kwamba mchawi wa ikulu alimtuma msichana akamuue mchawi wa mlimani. Wanafunzi watauliza mara moja: kwani tofauti yao ni nini? Hilo ndilo swali ambalo riwaya inataka liulizwe. Mmoja ana jeshi, magereza na kasri. Mwingine ana ufagio na tumbili wachache. Aliye na jeshi ndiye anayeamua ni nani aitwe mwovu.

Wala tusidhani kwamba hili ni jambo la Oz peke yake. Mwezi Mei mwaka wa 2008 watu 11, wengi wao wazee, walichomwa hadi kufa katika eneo la Kisii kwa kushukiwa kuwa wachawi. Mwezi Oktoba mwaka wa 2021 wanawake wakongwe wanne waliuawa kwa tuhuma iyo hiyo huko Marani, katika kaunti ya Kisii. Pwani nako, hasa Kilifi, wazee wameuawa kwa neno hilo hilo. Mwanafunzi wa Kenya anaposoma jinsi mtu anavyogeuzwa kuwa mchawi kwa uvumi, hasomi fantasia tupu. Anasoma habari za kwao.

Je, riwaya inamtakasa mchawi?

Baada ya kuona hayo, ni rahisi kuhitimisha kwamba Elphaba hana hatia na jamii ndiyo yenye hatia yote. Wahakiki wengi wa haraka wamekomea hapo. Matini yenyewe hairuhusu.

Tazama kwanza msimamo wake juu ya Wanyama. Elphaba amejitolea maisha kuwatetea. Lakini huko Kiamo Ko, akijaribu kuendeleza utafiti wa Daktari Dillamond, anawapasua tumbili na kuwashonea mabawa. Lengo ni la elimu, na mkono unaoshika kisu ni ule ule uliokuwa ukitetea. Maguire ametoa maelezo ya mahali walikotoka tumbili wenye mabawa wa kitabu cha Baum, na maelezo hayo hayampi Elphaba sifa.

Pili, tazama uhusiano wake na Liir, mvulana aliyefuatana naye kutoka nyumba ya watawa. Riwaya inadokeza kwamba huenda ni mwanawe na Fiyero, ila haithibitishi. Liwalo liwe, huyu ni mtoto anayemtegemea, na Elphaba hampi hata neno la upole. Yeye aliyeumizwa na baba asiyemjali anamlea mtoto bila kumjali. Duru inajirudia, na safari hii chaguo lilikuwa mikononi mwake.

Tatu, viatu. Kwa Baum, mchawi anavitaka viatu kwa sababu vina nguvu. Kwa Maguire, viatu vilitengenezwa na Frex kwa ajili ya Nessarose, na Elphaba hakupewa chochote. Nessarose anapokufa chini ya nyumba ya Dorothy, viatu alivyokuwa amemwahidi dada yake vinapewa mgeni. Elphaba anavitaka kwa sababu ndani yake yamo mapenzi ya baba ambayo hakuyapata. Tunamwonea huruma. Lakini kumtisha mtoto kwa ajili ya viatu, hata vikiwa na historia ya namna gani, ni kumtisha mtoto.

Yote haya yanaonyesha kwamba mwandishi ametenganisha mambo mawili ambayo sisi hupenda kuyachanganya, yaani kuelewa na kusamehe. Tunamwelewa Elphaba kikamilifu, na bado kuna matendo ambayo tunapaswa kuyaita kwa jina lake.

Msamaha na maji: kilele cha riwaya

Elphaba alifunga safari ndefu ili kumkiri Sarima kosa lake. Sarima, kwa ukarimu wote, anampa malazi, lakini anakataa kusikia. Kila mara Elphaba anapofungua kinywa, mjane anabadilisha mazungumzo. Kisha Elphaba akiwa safarini, askari wa mtawala wanaivamia ngome na kuichukua jamaa nzima. Msamaha aliokuja kuutafuta hautapatikana tena.

Miaka inapita, na Dorothy anafika. Ametumwa aue, lakini moyoni amekuja kwa jambo jingine: kumwomba Mchawi msamaha kwa kumuua dada yake bila kukusudia. Hapa kinaya kinafikia upeo. Mtu ambaye maisha yake yote yalisimama kwa sababu hakusamehewa, sasa anaombwa asamehe. Naye hawezi. Anaona ni dhihaka, mtoto huyu kuomba kitu ambacho yeye mwenyewe alinyimwa. Katika vurugu hiyo moto unalishika vazi lake, Dorothy anamrushia maji ili amwokoe, na maji yanamuua.

Linganisha sasa matini tatu. Katika kitabu cha 1900, Dorothy anamwagia mchawi maji kwa hasira, kwa kuwa amenyang'anywa kiatu kimoja. Katika filamu ya 1939, anayamwaga ili auzime moto uliomshika rafiki yake, na mchawi anamwagikiwa tu. Katika riwaya ya 1995 anayamwaga ili amwokoe mchawi mwenyewe. Ndoo ni ile ile na maji ni yale yale, ila nia imesafiri kutoka hasira hadi huruma. Matokeo hayakubadilika. Tunaona kwamba huruma inayochelewa, na inayotolewa bila kumjua mhitaji, inaweza kuua kama hasira. Kama kuna mtu mmoja katika Oz yote aliyejua kwamba maji ni sumu kwa Elphaba, hakuwa Dorothy. Hakuna aliyewahi kumweleza habari za mwanamke huyu ila uvumi.

Dosari za riwaya

Mhakiki mwaminifu hasifu tu. Riwaya hii imesheheni wahusika kupita kiasi, na baadhi yao huachwa njiani bila sababu ya kisanaa. Sehemu ya nne inakokota. Mijadala kuhusu maana ya uovu, hasa ile ya mezani katika sehemu ya mwisho, wakati mwingine husikika kama mhadhara kuliko mazungumzo, ingawa inafaa kutambua kwamba kila mgeni anatoa fasili yake na hakuna wawili wanaokubaliana. Aidha, kufichuliwa kwa baba halisi wa Elphaba, ambaye ni mtawala yule yule, kunaegemea sadfa mno.

Tahadhari pia kwa aliyeona tamthilia ya muziki ya mwaka wa 2003 au filamu zake za 2024 na 2025. Kazi hizo zimeibadilisha hadithi sana. Humo urafiki wa wasichana wawili umekuwa kiini, na Elphaba hafi. Atakayeandika kuhusu riwaya kwa kutegemea filamu atapotoka.

Funzo kwa darasa letu

Mwalimu afanye nini na haya? Achukue mbinu, aache kitabu. Anapofundisha Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, kwa mfano, asiruhusu wanafunzi wamwite Maimuna mpotovu wakaishia hapo. Warudi nyuma. Ni nani aliyemfungia ndani? Ni nani aliyemfukuza mamake? Maksuudi hawezi kuepuka lawama kwa hatua zilizompeleka binti huyo kwenye danguro la Mama Jeni. Lakini baada ya kurudi nyuma waje mbele tena, waulize ni wapi Maimuna aliamua mwenyewe. Jibu lenye pande zote mbili ndilo jibu la mhakiki.

Vivyo hivyo katika fasihi simulizi. Zimwi la ngano lina kazi yake: humwonya mtoto asifuate wageni, asivunje mwiko. Lisichukuliwe kuwa kasoro ya sanaa kwa kuwa ni bapa. Hata hivyo wahenga wenyewe walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kujuana, kwa mujibu wa methali hii, hakuligeuzi zimwi kuwa malaika. Hupunguza tu makali ya meno yake. Methali hiyo inaifupisha riwaya ya Maguire kuliko uhakiki mrefu.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Wicked inamrudishia mchawi utoto, jina na sababu, na kwamba haimwondolei wajibu. Elphaba alifanywa na baba, na uvumi, na mtawala, na msamaha aliounyimwa. Pia alijifanya mwenyewe, siku alipochukua kisu na siku alipompa Liir kisogo. Mtahiniwa akumbuke kwamba sifa ya mhusika ni mwanzo wa jibu. Akishaandika 'ni mwovu', aandike pia alivyofika huko, na mahali ambapo angeweza kugeuka asigeuke.

Maswali ya mazoezi

1. Chagua mhusika mwovu mmoja katika kitabu teule unachosoma. Fafanua mambo matatu yaliyomfikisha katika uovu, kisha uonyeshe mahali pawili ambapo alikuwa na hiari ya kutenda vingine.

2. 'Kumwelewa mhusika si kumwondolea lawama.' Jadili kauli hii kwa kurejelea riwaya au tamthilia yoyote.

3. Teua ngano moja ya mazimwi kutoka jamii yako. Isimulie upya kwa mtazamo wa zimwi, kisha ueleze kilichopotea na kilichopatikana katika kufanya hivyo.